Mstari Uliomchukiza Profesa

Nina miaka ishirini na mbili natengeneza fremu, na sijaona bado mtu anayezipenda picha zake mwenyewe kama shemeji yangu. Mwanamume mzima anasimama mbele ya picha aliyoipiga yeye, mikono nyuma, shingo kaipinda, anaguna "mmh" kama anayeonja mchuzi wa jirani. Mchuzi wako mwenyewe! Sufuria lako mwenyewe! Lakini ataguna, na atakusubiri na wewe ugune. Mimi siguni. Ndiyo maana hatujawahi kupatana.

Mtaani wanamwita Profesa. Ni mume wa dada yangu mkubwa, na studio yake na karakana yangu zimetenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba. Akikohoa, namsikia. Nikikata mbao, vumbi linaingia kwenye lenzi zake, na sijawahi kuomba radhi. Ningemvumilia hivyo hivyo mpaka mmoja wetu azikwe, kama upuuzi wake usingekaribia kumnyang'anya mdogo wetu leseni ya udereva na kumwacha bila kazi ya maisha yake. Hapo ndipo nilipochoka.

Nisimdhulumu. Zamani alikuwa mtu wa maana. Alipiga picha za pasipoti, na hakuna aliyekuwa akimfikia. Unaingia, unakaa kwenye kigoda, anakushika kidevu kwa vidole viwili kama anakagua papai. "Kaa wima. Meza mate. Usipepese." Mwanga unapiga mara moja, umeshatoka. Picha inakuja masikio yote mawili yanaonekana, na kama una kovu, kovu nalo liko mahali pake. Watu walimwogopa, lakini walirudi. Dada yangu aliolewa na mtu huyo, wa kovu mahali pake. Huyu tuliye naye sasa sijui alitoka wapi.

Kwa kweli najua. Simu zilipoanza kupiga picha, wateja wakapungua. Profesa akaenda kwenye mafunzo ya wasanii, wiki mbili tu, akarudi na skafu shingoni, jua linawaka, na neno moja mdomoni: mwendo. "Shemeji," akaniambia, "mwendo ni roho ya mwanga." Nikamuuliza maana yake nini. Akasema maana haielezwi, inahisiwa. Haya. Mimi nilihisi njaa, nikarudi zangu kazini.

Toka hapo hakuna kilichotulia tena. Alianza na baiskeli: anachuchumaa kando ya barabara, baiskeli ikipita anaizungushia kamera sambamba nayo, ili mwendesha baiskeli aonekane na dunia nyuma yake ivurugike. Alipiga mia nne. Moja ilifaa, na humo aliyeonekana vizuri ni mbwa. Kisha akahamia kwenye tochi. Alizima taa za stoo, akamweka dada gizani azungushe tochi hewani saa mbili nzima, eti anachora ua kwa mwanga. Dada alitoka na bega limevimba, na lile ua lilifanana na waya uliokatika. Mchora mabango wa mtaani kwetu alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. "Mimi nikitaka gari likimbie," akasema, "nachora mistari mitatu nyuma ya gurudumu. Limeshakimbia. Huyu bwana anatesa watu."

Mwisho akagundua daraja la waenda kwa miguu, lile la juu ya barabara kuu, na ndipo akaharibika kabisa. Nitawaeleza anachofanya, maana amenieleza mara mia bila kuulizwa. Jioni, taa zinapoanza kuwaka, anasimamisha kamera darajani kwenye stendi ya miguu mitatu. Analifungua jicho la kamera na kuliacha wazi sekunde thelathini. Magari yanapita chini. Gari lenyewe halionekani kwenye picha, kwa sababu halikukaa mahali pamoja. Zinazobaki ni taa zake, zimeburuzwa kutoka ukingo mmoja wa picha mpaka mwingine, mistari mirefu myekundu. Barabara tupu na mistari. Hicho ndicho alichokipenda. Barabara imejaa watu wanaorudi makwao, na yeye kapata njia ya kuwatoa wote.

Sasa mdogo wetu. Ni wa mwisho kwa mama, na ni dereva wa boza la maji. Wenzake wanamwita Kobe. Boza likijaa maji halina haraka, na yeye hana haraka hata likiwa tupu. Anaweza kusimama kwenye kivuko mbuzi avuke, kisha akangoja aone kama mbuzi huyo ana mwenzake. Nyuma ya boza, juu ya ngazi ya kupandia kwenye tangi, alifunga taa nyekundu ya tatu kwa mkono wake, katikati ya zile mbili za kawaida, ili wa nyuma wasimparamie kwenye mvua. Kampuni nzima hakuna boza lingine lenye taa tatu. Walimcheka sana kwa taa ile.

Na mvua ndiyo ilikuwa inanyesha jioni ile. Mbele kidogo ya daraja kuna kivuko cha wenye mikokoteni na baiskeli, wasioweza kupanda ngazi. Mchukuzi mmoja wa magodoro akaingia kivukoni na baiskeli yake. Kobe anasema alimwona, akakanyaga breki, boza likasimama kabla ya mstari mweupe. Yule mchukuzi akashtuka, akakata kona, baiskeli ikateleza, akaja na magodoro yake akajibamiza kwenye bampa. Mguu ukavunjika. Yeye mwenyewe, maskini, hakumbuki kitu zaidi ya taa kubwa zikimjia. Lakini kulikuwa na watu wamejikinga mvua kibandani, na hao walikumbuka kila kitu: boza lilikuja kama risasi, halikushika breki, likamkumba katikati ya kivuko. Hao walisikia kishindo, wakageuka, yaliyobaki wakajijazia wenyewe. Nawajua watu wa vibandani.

Lami ilikuwa imelowa chepechepe, alama ya tairi hamna. Na Kobe, kwa uungwana wake wa kijinga, alipokwisha kumpakia majeruhi kwenye gari la msamaria, akalisogeza boza mbele ili asiwazibie watu njia. Askari alipofika akalikuta boza ng'ambo ya kivuko. Sasa mtu anakuambia alisimama kabla ya mstari, na gari lake unaliona liko mbele ya mstari. Wewe ungemwamini? Leseni ikachukuliwa. Kampuni ikamwambia akae nyumbani mpaka kamati ya leseni imsikilize, na kamati ikiona alipita kivuko bila breki, asahau usukani.

Miezi mitatu alikaa karakanani kwangu akisugua mbao kwa msasa. Alisugua mpaka nikamwambia, "Mdogo wangu, hiyo ni fremu, si kijiti cha meno." Hakucheka. Ana mke, ana watoto watatu, na hajui kazi nyingine. "Dada," ananiambia, "nilisimama." Namjibu najua. "Sasa mbona hakuna aliyeona?" Hapo nawasha msumeno.

Profesa tulimuuliza, msidhani hatukumuuliza. Dada alimuuliza siku ile ile, "Wewe si huwa darajani jioni?" Akasema ndiyo, alikuwepo, lakini alikuwa anatazama saa anahesabu sekunde, akasikia kishindo tu. Tukamwamini. Akianza kuhesabu sekunde zake, hata nyumba ikiungua hatageuka.

Kisha yakaja mashindano. Manispaa ilitaka picha ya mji, itakayoshinda itundikwe ukumbini mlangoni mwaka mzima, kila anayeingia aione. Sharti kubwa lilikuwa moja: picha isiguswe, itoke kama kamera ilivyoiona. Kila mshindani alitia sahihi. Profesa akashinda. Mama yangu! Mtaa mzima ulikoma. Aliwasimamisha watu njiani kuwapa habari wasizoziuliza. Picha akaipa jina "Mishipa ya Jioni". Wahenga walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ila huyu alikuwa ameshalitia maji kabla hajasifiwa, kama mtakavyoona.

Akaniletea niifunge fremu. Picha kubwa, upana wa mikono miwili. "Kwa uangalifu, shemeji," ananiambia, mimi niliyefunga fremu kabla yeye hajajua skafu inavaliwa upande gani. Nikamwambia aiache mezani aondoke.

Lazima niwaeleze jambo la kazi yangu. Picha mimi naifunga juu chini. Alinifundisha hivyo fundi wangu, mzee wa watu. Picha ikiwa wima, jicho linaingia ndani kutazama watu na mambo, na pembe zinakwenda upogo hujui. Ukiipindua, mambo yote yanapoteza maana, unabaki na kingo na rangi. Basi nikaipindua "Mishipa ya Jioni", nikashika rula. Lami iliyolowa ikawa juu. Na ndani ya maji ya lami ile nikaona mistari mitatu myekundu, kivuli cha taa majini. Inaanza myembamba, inakuja, inanenepa, kisha inaishia kwenye madonge matatu mekundu, imesimama dede.

Nikazitafuta taa zenyewe. Hamna. Majini zipo, juu hazipo. Juu kuna mistari mingine, imenyooka kutoka ukingo hadi ukingo, na pale palipopaswa kuwa na taa zile tatu kuna lami safi, safi kupita kiasi, lami ambayo haijawahi kukanyagwa na mtu.

Nikamwita Kobe. Sikumwambia kitu, nikamwekea kidole tu. Akaitazama, msasa mkononi, muda mrefu. "Dada," akasema, "hiyo ya katikati ni ya kwenye ngazi yangu." Halafu akakaa chini kwenye vumbi la mbao. Nyuma ya picha, kwa mwandiko wa Profesa mwenyewe, kulikuwa na tarehe na saa. Ni jioni ile ile.

Nilizunguka ukuta nikiwa na rula mkononi bado. Dada alikuwa anafagia studio, mumewe anafuta lenzi.

"Shemeji, kwenye picha yako umefuta nini?"

"Fundi fremu atazame fremu," akasema.

"Umefuta taa tatu. Vivuli vyake vimebaki kwenye maji. Hizo ni za boza la Kobe, na zinaonyesha alishika breki akasimama."

Alikwenda karakanani mbio kuliko baiskeli zote alizowahi kupiga. Akaiinamia picha yake. Nikaona masikio yanabadilika rangi, na naapa kilichomuumiza wakati ule si Kobe. Kilichomuumiza ni kwamba amesahau maji.

"Ipo wapi ile ya kwanza, kabla hujaifuta?" nikamuuliza.

"Mimi sihifadhi takataka. Nikishaisafisha picha, ile chafu naifuta. Kadi yangu iko safi siku zote." Anajisifu, jamani! Hata pale anajisifu.

"Basi Alhamisi utakwenda mbele ya kamati useme ulichofuta."

"Nitie sahihi kwamba haijaguswa, halafu niende kusema nimeigusa? Unataka waitoe ukutani?" Akajitia hamnazo kabisa. "Na hata hivyo, mle ndani hakuna gari. Nionyesheni gari. Ni picha ya mistari."

Kobe alikuwa amesimama pale pale, mtu mzima wa kilo tisini, anasikiliza. Dada akasema kwa sauti ndogo, "Baba watoto, huyu ni mdogo wangu." Profesa akasema tungoje onyesho liishe, baada ya mwezi mmoja wataongea vizuri kama familia. Kikao cha kamati kilikuwa baada ya siku nne. Nilimwita jina ambalo siliandiki hapa, na dada hakunikemea.

Nikaipiga ile picha kwa simu, nikampelekea karani wa kamati. Akanijibu ya simu hawaipokei. "Leteni picha yenyewe, na mwenye picha." Picha yenyewe Profesa alikuwa ameshaichukua ikiwa ndani ya fremu yangu, kavaa miwani ya mbao, kaja na vijana wawili wameibeba. Lakini Jumatatu ilibidi anipigie simu mimi nikaitundike, kwa sababu yeye msumari ukimwona tu unapinda. Nikaenda. Nikaitundika vizuri, na sikusema neno. Alidhani nimelegea.

Kamati ya leseni inakaa ghorofa ya pili ya jengo lile lile la manispaa. Picha iko mlangoni chini. Alhamisi asubuhi dada alipanda juu na Kobe, aliyevaa shati lake la harusini. Mimi nikabaki chini. Profesa alikuwepo, kama kila siku ya wiki ile, kasimama pembeni ya picha yake na skafu, anawaeleza wanawake wawili wa benki habari za roho ya mwanga. Nikangoja ageuke kuonyesha kwa mikono jinsi mto unavyotiririka. Nikanyanyua fremu, nikaitoa kwenye ndoano.

"Mama, unaipeleka wapi?" mlinzi akaniuliza.

"Kuifuta vumbi."

"Sawa, mama."

Nilikuwa ngazi ya sita niliposikia ukelele. "Picha yangu! Huyo! Picha yangu!" Jamani, nina uzito wangu na nina goti langu, lakini siku ile nilipanda. Kioo kinanigonga kidevu, fremu inakwaruza ukuta wa serikali, na nyuma yangu mtu mzima hovyo anapiga kelele kama kaibiwa mtoto. Mlango wa kamati nikausukuma kwa kiuno. Nikaingia, na yeye akaingia, tumeshikilia fremu moja huyu huku na huyu kule, wote tunahema.

Ndani kulikuwa na meza ndefu, watu watatu, na karani. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa miwani, sauti ya chini, aina ya watu wasiohitaji kupaza. Kobe alikuwa amesimama katikati, mikono mbele. Dada amekaa kwenye benchi.

"Hawa nani?" mwenyekiti akauliza.

"Picha yenyewe, mheshimiwa," nikasema, "na mwenye picha."

Mlinzi alikuwa ameshafika mlangoni. Mwenyekiti akampa ishara angoje. Akatuambia tuiweke picha mezani, tukaiweka, na nikaipindua juu chini mbele yake kabla Profesa hajanizuia. Nikamweleza kwa maneno machache: tarehe nyuma, taa tatu, maji. Mwenyekiti akavua miwani, akaivaa tena, akainama.

"Wewe ndiye uliyeipiga?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Imeshinda mashindano ya manispaa."

"Umeigusa?"

Nilimtazama. Dada alimtazama. Profesa akameza mate, akarekebisha skafu.

"Haijaguswa."

Kobe akainamisha kichwa. Mimi damu ilinipanda mpaka nikasikia masikio yanavuma, na kama ile fremu isingekuwa kazi ya mikono yangu, ningemvisha kichwani. Lakini mwenyekiti hakugombana naye. Aliendelea tu kuitazama picha, akipitisha kidole juu ya kioo.

"Basi ni ajabu," akasema. "Majini kuna taa, juu hamna. Kama haikuguswa, kamera yako mbovu. Na kama iliguswa, aliyeigusa hajui kazi. Hii ni kazi ya kulipua."

"Kulipua?" Profesa akasema.

"Ndivyo ninavyoona. Mimi si msanii, lakini hata mwanangu asingesahau maji."

"Mimi? Kulipua?" Alikuwa ameshasogea mezani, skafu inaburuza kwenye kioo. "Mama, mimi nina miaka thelathini kwenye kazi hii! Nilikaa siku mbili kwenye mstari ule. Siku mbili! Unajua kazi ya kuijaza lami ilingane na lami, tone kwa tone? Hebu tazama hapa. Unaona mshono? Utaniambia mshono uko wapi?"

"Siuoni," mwenyekiti akasema. "Sasa mbona uliufuta mstari wenyewe?"

"Kwa sababu ulikuwa mbaya."

"Mbaya kivipi? Nielimishe."

Hapo ndipo alipopotea. Ukitaka kumwua Profesa, mwambie akuelimishe. "Tazama hii mingine," akasema, na mikono yake ikaanza kutiririka. "Inaingia huku, inatokea kule, haina mwanzo wala mwisho. Ndiyo mwendo huo. Sasa ule ulikuja vizuri tu, mwembamba, wa kupendeza. Ulipofika hapa ukaanza kunenepa. Ukanenepa, ukanenepa, halafu..."

"Halafu?"

"Halafu ukasimama."

Mwenyekiti akainama zaidi juu ya kioo.

"Ulisimama wapi?" mwenyekiti akauliza.

Na yule mtu, kwa ile ile hasira ya fundi aliyedharauliwa, akaweka kidole juu ya kioo. "Hapa." Kilikuwa kabla ya mstari mweupe wa kivuko. Nafasi ya kidole kimoja ilibaki kati yake na mstari.

Nilimwona anaelewa. Ilimfika polepole, kuanzia machoni. Kidole kilibaki pale pale kwenye kioo, hakujua akipeleke wapi.

"Karani," mwenyekiti akasema, "umeandika?"

"Nimeandika, mheshimiwa. Mwenye picha anasema aliufuta mstari kwa sababu ulinenepa, kisha ukasimama kabla ya kivuko."

"Kunenepa ni nini?" mwenyekiti akauliza.

"Breki," Kobe akasema. Ndilo neno lake la kwanza tangu tuingie.

Mwenyekiti akamgeukia Profesa. "Karatasi hii ni ya manispaa, na ukumbi wa chini ni wa manispaa. Ukiitia sahihi, unajua kitakachotokea huko chini. Usipoitia, naichana. Sema."

Profesa akamtazama dada. Dada hakumwangalia, alikuwa anakiangalia kile kidole. Walioana wakiwa na kigoda kimoja na kamera ya kuazima, na nadhani hajawahi kumwona mke wake akikataa kumtazama. Akashusha pumzi.

"Leta kalamu," akasema. "Lakini andikeni pia kwamba sikulipua. Ni maji tu niliyasahau."

Wakaandika, wallahi. Mwenyekiti alimwambia karani aandike, na Profesa akatia sahihi chini yake.

Kamati ilitoka ikarudi. Walisema ushahidi wa kwamba dereva alipita kivuko bila breki haupo, na wa kwamba alisimama upo. Mwenyekiti akaitoa leseni kwenye bahasha, akaisukuma mezani. Nililia, nakiri, mimi ninayejifanya jiwe. Lakini Kobe hakuichukua mara moja. Alikuwa amemgeukia Profesa, na uso wake haukuwa na hasira, jambo lililonitia uchungu zaidi.

"Shemeji," akasema, "miezi mitatu nimesema nilisimama. Kila Jumapili tunakula meza moja, nakuambia nilisimama, unanipa pole. Kumbe ulikuwa umeniona?"

Profesa alikuwa ameishika fremu kwa mikono miwili, ameikumbatia kifuani.

"Sikukuona wewe," akasema. "Niliona mstari."

Kobe akaichukua leseni, akaitia mfuko wa shati. Dada akainuka, akachukua mkoba wake, akampita mumewe bila kumgusa, akamfuata mdogo wetu mlangoni.